Choo cha Ugenini: Chupa, Sarafu na Kanga

Kwenye basi la Tanga kwenda Dar, kondakta akisema "tunachimba dawa" hakuna anayeuliza maana yake. Gari linasimama kando ya pori, wanaume huku, wanawake kule nyuma ya kichuguu, dakika tano, safari inaendelea. Hulipi, husomi kibao, na mwenye kanga amesitirika. Ukishavuka bahari, elimu yote hiyo unaiacha Chalinze.

Mimi nauza mapazia na mashuka Kariakoo. Tangu 2013 nafuata mzigo mwenyewe, Dubai, Guangzhou, Istanbul, na mara tatu nimekwenda Ujerumani kumwona mdogo wangu aliyeolewa huko. Wanaoanza safari hizi huniuliza habari za viza, wakala wa mizigo, na dola zinabebwaje. Choo hakiulizwi. Mpaka siku ya pili ndipo simu inaita, sauti iko chini kama ya mtu aliyejificha: "Dada, hivi huku watu wanajisaidia wapi?" Nimeona niandike, maana kumwelekeza mtu kwa simu naye tayari amebanwa ni kazi kwelikweli.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Desemba 2016 nilishuka treni kwenye stesheni moja kubwa ya Ujerumani, jioni. Mdogo wangu alikuwa bado yuko njiani. Baridi, kama hujui, inaita mkojo. Mwili ukipigwa na ubaridi figo nazo zinachapa kazi. Nikafuata kibao cha WC mpaka chini ya ngazi, nikakuta lango la chuma la kuzunguka, kama yale ya kuingilia uwanja wa mpira, na pembeni yake mashine: yuro moja. Mkobani nina yuro mia tatu na hamsini, zote noti za hamsini. Nilizinunua duka la fedha Kariakoo, na duka la fedha la kwetu halikupi sarafu hata siku moja. Nikajaribu kuisukuma noti kwenye tundu la sarafu. Ndiyo, nilijaribu. Nikapanda juu, nikapanga foleni kwenye duka la mikate, mbele yangu watu sita. Nikanunua mkate nisiouhitaji. Muuzaji akaishika ile noti, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaiinua kwenye taa, ndipo akaanza kunihesabia chenji moja moja. Niliwahi. Lakini niliwahi kwa namna ambayo mtu mzima hapaswi kuwahi.

Kwa hiyo la kwanza ni sarafu. Ukitua, kabla hujatoka uwanja wa ndege, fanya mambo mawili kwa mpangilio huu. Ingia chooni hapo hapo uwanjani, maana vyoo vya viwanja vya ndege ni bure. Kisha nunua chupa ndogo ya maji kwa noti, umwombe muuzaji chenji ya sarafu. Hizo sarafu usizichanganye na fedha za chakula. Mama yangu alikuwa akienda gulioni Muheza anafunga senti kwenye pindo la kanga, fundo moja la nauli, fundo jingine la chumvi, na la nauli halifunguliwi hata chumvi ikipanda bei. Mimi nina kimkoba cha shanga, nacho hakiguswi hata nikiishiwa. Sarafu za choo ni za choo. Siku hizi milango mingi inapokea kadi ya benki, sawa, lakini kadi yako ya huku inaweza kukataliwa bila sababu ya maana, na hapo hutakuwa na muda wa kupiga simu benki.

La pili ni maji, na hapa nitakaa kidogo.

Sisi tuliolelewa na kopo msalani, karatasi peke yake haitutoshi. Kwangu mimi dini imo, bila kustanji vizuri sala yangu ina walakini, lakini si dini tu. Shoga yangu wa Kilosa ni Mlutheri na analalamika vilevile. Mwili uliozoea maji ukiupa karatasi kavu ni kama kufagia tope kwa ufagio wa chelewa. Nimeona watu wazima wanashinda na njaa Ulaya ili wasiende haja kubwa mpaka warudi walikofikia. Huko ni kujitafutia maradhi. Dawa yake ni chupa.

Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, ile laini inayobonyea, ngumu haifai. Pasha sindano ya kushonea kwenye moto, utoboe kizibo matundu matatu. Yasizidi. Nilianza na matano, maji yakamwagika kama mvua na kuisha kabla sijamaliza shughuli. Chupa yenyewe ifunge kwa kizibo kizima wakati wote, na hicho chenye matundu kikae kwenye kimfuko chake, ukibadilishe ukishafika. Zipo za kununua zenye mrija uliopinda, mdogo wangu anayo, nzuri kabisa. Ila ukiisahau chooni roho itakuuma wiki nzima. Mimi nikiisahau yangu nimepoteza kizibo.

Jaza chupa kwenye sinki kabla hujaingia kwenye kichumba, maji ya vuguvugu kama yapo. Usione haya, hakuna anayekutazama, na anayekutazama hakujui. Ndani, kaa umesogea mbele kidogo, mkono wa kulia uko nyuma na chupa, wa kushoto una kazi yake. Minya taratibu. Ukimaliza jikaushe kwa karatasi. Halafu, na hapa ndipo wengine wanapotuharibia jina, futa kile kikalio cha choo, kisha inama utazame sakafuni. Tone lolote, futa. Kwetu sakafu ya msalani ikiwa na maji ndiyo dalili kwamba pameoshwa. Kwa Mjerumani sakafu ya chooni huwa kavu, na akiona maji chini hafikirii udhu. Anafikiria mkojo.

Uwanja wa ndege, chupa ipite kwenye ukaguzi ikiwa tupu, uijaze ng'ambo. Wanachokataza viwanja vingi ni kimiminika kinachozidi mililita 100, chupa yenyewe haina tatizo. Mlinzi mmoja aliwahi kukishika kile kizibo changu, akayatazama matundu, akanitazama mimi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni kuwa ni ya kumwagilia maua. Akacheka, akanirudishia.

Ndani ya ndege choo ni kile kile kwa wote, kidogo kama kabati. Mlango wake mara nyingi ni wa kukunja, unasukuma katikati, hauvutwi. Mama yangu alipokwenda umra alikaa humo gizani akaogopa, kumbe ukiingia taa ni hafifu mpaka uteleze komeo, ndipo inawaka vizuri. Yeye hakutaka kuteleza komeo asije akafungiwa angani. Mwambie mzee wako mapema kuwa wahudumu wana namna ya kuufungua kwa nje, na umwambie pia habari ya ule mngurumo ukibonyeza kitufe: ni hewa inafyonza kwa nguvu, kwa hiyo funika kwanza mfuniko halafu bonyeza. Usiingie na soksi. Yale majimaji ya chini huwezi kujua ni ya nini. Na muda mzuri wa kwenda ni kabla mkokoteni wa chakula haujatoka, kwa sababu ukishatoka umeziba njia, na watu wakishakula foleni inafika mpaka kwenye viti.

Dubai sina mengi ya kukueleza, ni kama nyumbani, na ni bora kuliko nyumbani. Mpira wa maji upo kila choo, pale Deira misikiti imejaa, maduka makubwa yana vyoo karibu na vyumba vya kusalia, na hulipi kitu. Moja tu: miezi ya Juni mpaka Septemba, jaribu maji kwenye kiganja kwanza. Matangi yako juu ya paa na jua la kule halina masihara. Bomba linaloitwa la baridi linatoa maji ya kupikia chai. Mara ya kwanza sikujaribu. Nitaishia hapo.

Istanbul nayo ina maji, ila yamejificha. Choo cha kukaa cha Kituruki kina kijibomba kidogo ndani ya bakuli, kwa nyuma, kimekuelekea wewe. Swichi yake ni koki iliyo ukutani, kulia kwako, chini kidogo ya usawa wa kiti. Ifungue kidogo kidogo, kwa sababu ukiizungusha yote utaruka. Wenyewe jambo hilo wanaliita taharet, na ukilisikia hilo neno huna haja ya mkalimani, ni twahara ile ile ya chuoni. Choo cha kuchuchumaa wanakiita alaturka, cha kukaa alafranga, na kwenye alaturka utakuta koki ya chini na kijagi cha plastiki. Mtoto wa Tanga unajisikia umefika.

Pale Laleli, kwenye maduka ya jumla, wenye maduka huwa na choo chao, na ukiwa umeshaagiza mzigo ukiomba hawakukatalii. Wanakuletea na chai. Ukiwa mtaani, tafuta mnara wa msikiti. Karibu kila msikiti una vyoo pembeni au chini, hata kwa asiye Mwislamu, na mara nyingi mlangoni kuna mtu anapokea lira kadhaa. Vingine vya manispaa vinapokea ile kadi ya kupandia tramu. Sehemu ya kutawadhia yenyewe hulipii. Kuwa makini na vibao: Bay ni mwanaume, Bayan ni mwanamke. Herufi mbili tu ndizo zinazokutenga na kashfa. Siku hizi vingi vimeandikwa Erkek na Kadın, nayo ni hivyo hivyo, mwanaume na mwanamke. Kama karatasi umeitumia na pembeni kuna ndoo yenye mfuniko, itie humo, hasa majengo ya zamani. Mabomba yao ni membamba.

Habari ya vibao isikupite, kwa sababu Ujerumani nusura iniponze vibaya zaidi. Kwenye mkahawa mmoja nilikuta milango miwili haina picha, mmoja D, mwingine H. Nikafikiri kwa Kiswahili: D ni dume, H ni Hawa. Nikashika mlango wa H. Kumbe Damen ni wanawake na Herren ndio wanaume, yaani kinyume kabisa cha dume na Hawa. Mzee aliyekuwa anatoka akanishikia mlango kwa adabu zote, akaninyooshea kidole ule mwingine. Shika hilo na hutasahau: Ujerumani, dume haendi kwa D.

Huko malipo yako ya namna tatu. Kuna lango la mashine, kama lile lililonitesa. Kwenye barabara kuu za magari, vituo vingi vya mafuta vina vyoo vya Sanifair: tangu mwishoni mwa 2022 ni yuro moja, na unapewa tikiti yenye thamani ya hiyo yuro ukanunue kitu dukani hapo. Shemeji yangu anazikusanya kwenye gari kama vocha za simu. Usidanganyike kuwa umeponea, maana chai ya kwenye barabara hizo ina bei ya sherehe. Watoto wadogo wana kimlango chao cha chini, wanapita bure.

Namna ya pili ni kisahani. Kwenye maduka makubwa na baadhi ya mikahawa utamkuta mtu wa usafi amekaa mlangoni, mezani kuna kisahani chenye sarafu. Hakuna bei iliyoandikwa, wala hatakuzuia. Weka senti hamsini ukitoka, na umsalimie. Mimi kupita pale bila kuweka kitu siwezi. Choo kile kinang'aa kwa mikono ya huyo mama, na ninajua kazi ya kusafisha choo cha watu ilivyo.

Ya tatu ni bure, na ndiyo wageni hawaijui. Miji mingi ina mpango unaoitwa Nette Toilette, ulioanzia mji wa Aalen: manispaa inaulipa mkahawa kidogo, mkahawa nao unawaruhusu wapita njia waingie chooni bila kununua chochote. Utaona stika dirishani yenye uso unaotabasamu. Ukiiona, ingia, salimia, nenda. Halafu treni. Choo cha ndani ya treni umeshakilipia kwenye tiketi. Basi dakika kumi na tano kabla hujashuka, nenda, hata kama hujisikii. Laiti ningelijua hilo ule mwaka wa mkate.

Karatasi Ujerumani inatupwa ndani ya choo na kuvutiwa maji. Kile kindoo kidogo ni cha pedi. Vitambaa vya majimaji vya watoto usitupe chooni hata kama pakiti imeandikwa inaruhusiwa, mdogo wangu alishamwita fundi bomba kwa ajili hiyo na bili yake hataki kuisema mbele ya mumewe.

Shemeji huwa anautetea mfumo wa kulipa, anasema ndiyo sababu ya usafi. Binamu yetu aliye Marekani humcheka: kwao vyoo vya sarafu vilipigwa vita miaka ya 1970, jiji la Chicago likavipiga marufuku 1973, na leo karibu kote ni bure. Lakini naye ana kilio chake. Anasema milango ya vyoo vya huko ina mwanya pembeni wa kidole kizima na chini imeishia magotini, unakaa unawaona wanaopita. Mimi bora nilipe.

Paris nilikwenda siku mbili tu, kutembea. Barabarani wana vibanda vya choo, ni bure tangu 2006, na vinajiosha vyenyewe. Nilikuwa wa pili kwenye foleni. Mwanamke wa mbele alipotoka, mimi kwa uungwana wa Kibongo nikaushika mlango usijifunge ili nisiwape tabu wenye mashine. Bibi aliyekuwa nyuma yangu akanidaka mkono, "non, non, non!" Nikauachia. Mlango ukajifunga, tukasikia ndani maji yanapiga kama mvua ya masika kwenye bati. Kibanda kinaosha sakafu na bakuli kila mtu anapotoka. Kwa hiyo acha mlango ujifunge, usubiri taa ionyeshe kuwa ni wazi, ndipo ubonyeze. Utakuta sakafu imelowa, usiweke mkoba chini.

Sasa Guangzhou, ambako watu wetu wengi ndiko wanakokwenda na ndiko wanakolia zaidi. Mwezi wa Aprili na Oktoba, maonyesho yale makubwa ya biashara yakifunguliwa, hotelini Xiaobei nusu ya Waafrika wanaopiga stori wanapiga stori za choo.

Habari njema ni kwamba vyoo ni vingi na ni bure. Serikali yao ilianzisha kampeni ya vyoo mwaka 2015 na matokeo yanaonekana; stesheni za treni za chini ya ardhi utavikosa kwa nadra. Uliza "xishoujian", itamke shi-sho-jien, maana yake chumba cha kunawia mikono. Watu wa pwani tusiwacheke, sisi wenyewe tunasema maliwato. Mlangoni utaona alama mbili: 女 ni wanawake, 男 ni wanaume. Mimi nazikumbuka hivi: ya wanaume ina kidirisha cha vioo vinne juu, ya wanawake haina dirisha. Zichore kwenye karatasi leo, si siku ukiwa unaruka mguu mmoja.

Habari ya pili: ni vya kuchuchumaa, na tishu hakuna. Au ipo moja, lile pipa kubwa la karatasi limening'inizwa ukutani nje ya vyumba, karibu na sinki. Unakata ya kutosha kabla hujaingia. Mtu asiyejua anaingia, anamaliza, anatazama kushoto, kulia, hakuna kitu, na Kichina hajui. Pale Beijing, kwenye bustani ya Hekalu la Mbinguni, mwaka 2017 waliweka mashine inayoutazama uso wako ndipo inakupa karatasi ya sentimita 60 hivi, na ukitaka nyingine unangoja dakika tisa, kwa sababu watu walikuwa wanabeba mpaka nyumbani. Wewe nunua pakiti ndogo za tishu kwenye kioski, moja iwe mkobani na nyingine mfukoni. Ikishatumika inakwenda kwenye ndoo ya pembeni, isipokuwa kibao kikisema vingine. Maji unavuta kwa mguu, kuna pedali sakafuni. Wanaoinama kuibonyeza kwa mkono ni sisi wageni.

Kuchuchumaa kwenyewe mimi sina shida nako, nimezaliwa na choo cha shimo. Vijana waliokulia maghorofa ya Dar ndio wanaotetemeka magoti. Nyayo zote zikae bapa, visigino chini, uzito nyuma. Ukisimama kwa vidole utachoka na utajilowesha. Mwenye magoti mabovu, kama mama yangu, atafute mlango wenye alama ya kiti cha magurudumu. Hapo karibu mara zote kuna choo cha kukaa, na mtu mzima anayechechemea haulizwi. Na kinyume chake, ukikuta cha kukaa, kaa. Usipande juu na viatu. Kuna vibao vyenye picha ya mtu amechuchumaa juu ya kiti na mstari mwekundu umemkata. Picha hizo hazikuchorwa bure.

Hapa ndipo kanga inapoingia. Nabeba moja ya zamani, iliyolainika. Mwenye dera au abaya ndefu anakusanya nguo yote juu, anaifunga kwa kanga kiunoni, mikono inabaki huru. Wakati wa baridi inafunga koti. Ndoano ya kutundika mkoba mara nyingi haipo, kwa hiyo mkoba naufunga kwa kanga mgongoni kama mtoto. Na kwenye jengo moja la soko la vitambaa ambako komeo lilikuwa limeng'oka, niliitupia kanga juu ya mlango, nusu ndani, nusu nje. Hakuna aliyegonga. Kanga ikining'inia mlangoni, dunia nzima inaelewa kuna mtu.

Wanaume hamna kanga, lakini mna mfuko wa nyuma, na huo ndio utakaowaliza. Kijana mmoja wa mtaa wa Kongo, hapo Kariakoo, tuliyesafiri naye alichuchumaa tu, simu ikachomoka, ikagonga ukingo mara moja, ikaenda. Humo mlikuwa na namba za wauzaji wake wote na picha za sampuli za siku nne. Alitoka amekaa kimya, tukadhani anaumwa. Toa simu, toa pochi, pasipoti iwe kwenye kijimkoba cha kifuani chini ya nguo, na haya yote uyafanye ukiwa bado umesimama.

Linalobaki ni muda. Choo cha ugenini hakiendewi kwa kubanwa, kinaendewa kwa nafasi. Ukikuta kimoja kisafi, chenye maji, kisicho na foleni, ingia, uwe umebanwa au hujabanwa. Asubuhi nikitoka hotelini najua vyoo vitatu vya njia nzima: cha stesheni, cha duka la muuzaji wangu, cha mkahawa wa chakula cha mchana. Na maji ya kunywa usiyakimbie kwa kuogopa choo. Nilifanya hivyo safari ya kwanza, nikarudi Dar na mkojo unaochoma kama pilipili, nikameza vidonge siku saba, na daktari akaniuliza kama kule nilikokwenda hakuna maji.

Safari yangu ijayo ni Aprili. Begi halijafungwa lakini kimfuko cha pembeni tayari: chupa mbili laini, vizibo vinne vilivyotobolewa, tishu, sabuni ya vipande, pedi hata kama si tarehe zake, kanga, na kimkoba cha shanga chenye yuani za sarafu nilizobakiza safari iliyopita. Vizibo viwili kati ya hivyo si vyangu. Ni vya yule kijana wa mtaa wa Kongo, kaniomba nimtobolee, na simu yake mpya ameishonea kamba ya shingoni.